Uwanja Umejaa, Nani Yuko Nje?

Kuna swali moja fupi ambalo viongozi wa soka hulikimbilia kila mashabiki wanapolalamikia bei: "Mbona uwanja umejaa?" Ni hoja ya sokoni na sote tunaijua. Muuza nyanya akipandisha bei ya fungu na wateja wakaendelea kununua, basi nyanya zake hazijawa ghali bado. Kiingilio cha mpira nacho, tunaambiwa, ni hivyo hivyo. Viti vikikaliwa, bei ni halali. Siku vitakapobaki wazi, tutazungumza.

Nataka kulihakiki swali hili kama tunavyohakiki shairi au riwaya: linasema nini, linaficha nini, na nani ananufaika linapoulizwa. Sababu ya kufanya hivyo sasa ni kwamba limeanza kuulizwa kwa Kiswahili. Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON ya 2027. Viwanja vipya vinajengwa, wadhamini wameongezeka, tiketi zimehamia kwenye kadi na simu. Kabla hatujalipokea, tulitazame kwanza kule lilikokaa kwa muda mrefu: Uingereza, kwenye ligi ambayo wengi wetu tunawajua hadi wachezaji wake wa akiba.

Jumamosi ya tarehe 6 Februari 2016, Liverpool walikuwa nyumbani Anfield wakicheza na Sunderland. Siku chache kabla, klabu ilikuwa imetangaza viingilio vya msimu uliofuata. Kiti cha ghali zaidi katika jukwaa kuu lililokuwa likipanuliwa kingefika pauni 77 kwa mechi moja, kutoka pauni 59. Ilipofika dakika ya 77, Liverpool ikiongoza 2-0, maelfu ya mashabiki walisimama wakaondoka. Vyombo vya habari vilikadiria kuwa walifika 10,000. Waliobaki waliwaona Adam Johnson na Jermain Defoe wakiifungia Sunderland, na mechi ikaisha 2-2. Siku nne baadaye wamiliki wa klabu, Fenway Sports Group ya Marekani, waliomba radhi, wakaifuta bei ya pauni 77 na kuahidi kutopandisha viingilio kwa misimu miwili.

Kwa hesabu ya muuza nyanya, tukio hili halieleweki. Kila aliyetoka alikuwa ameshalipa. Wengi wao wasingekaa kwenye viti vile vya pauni 77. Zaidi ya hapo, mpango uleule ulikuwa na tiketi kadhaa za pauni 9 kwa baadhi ya mechi, na klabu ilizitaja ili kuonyesha kwamba haijamsahau mtu wa kipato cha chini. Sasa mtu aliyemudu kiingilio, timu yake inaongoza, anatoka nje kwa ajili ya nini? Alitoka kwa sababu aliiona bei inaelekea wapi, na kwa niaba ya watu ambao hawakuwepo kutoka. Siku ile uwanja ulikuwa umejaa, na ni waliojaa humo waliosema kwamba kujaa kwake hakuthibitishi kitu.

Ili kuelewa walichokuwa wakikihofia, inabidi kurudi nyuma kidogo. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya kusimama. 97 kati yao walipoteza maisha kutokana na msongamano ule. Ilichukua hadi 2016 kwa baraza la uchunguzi kutamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria, kwamba polisi walishindwa kazi yao, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Lakini mapema, Januari 1990, Jaji Peter Taylor alitoa ripoti yake ya mwisho na kupendekeza viwanja vikubwa viwe vya kukaa tu. Ripoti hiyo hutajwa mara nyingi kama chanzo cha bei za leo. Anayeisoma anakuta jambo tofauti. Taylor alifikiria suala la bei. Alisema kiti hakina sababu ya kuwa ghali kupita uwezo wa aliyezoea kusimama, akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox, Scotland, ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Tofauti ya pauni mbili.

Klabu zilichukua nusu ya ripoti. Viti viliwekwa, na ile sehemu ya bei ikaachwa kwenye kurasa. Kwa hiyo ni makosa kusema usalama ndio uliowafukuza watu wa kipato cha chini uwanjani. Usalama ulikuwa lazima na ungewezekana kwa bei ya kawaida. Kilichofuata ulikuwa uamuzi wa kibiashara uliovaa koti la usalama.

Mashabiki wa Arsenal, ambao Afrika Mashariki hawahesabiki kwa wingi, wanapaswa kuijua hadithi ya jukwaa la North Bank. Mwaka 1992 lilibomolewa pale Highbury ili lijengwe la viti. Kugharamia ujenzi, klabu iliwauzia mashabiki dhamana za pauni 1,100 na 1,500. Fedha hizo hazikumpa mtu tiketi. Zilimpa haki ya kuja kununua tiketi ya msimu. Wengi walikataa. Wakati ujenzi ukiendelea, nyuma ya goli kulisimamishwa turubai kubwa lililochorwa umati wa mashabiki, ili wachezaji na kamera wasitazame vyuma na saruji. Toleo la kwanza la mchoro huo halikuwa na sura hata moja ya mtu mweusi, ikabidi lirekebishwe.

Sijui kama kuna mhakiki angeweza kubuni mfano bora kuliko huo. Mashabiki halisi wameondolewa, wanaambiwa warudi na pauni elfu moja na mia moja mkononi. Mahali pao wamewekwa watu wa rangi, wanaoshangilia bila kutoa sauti na wasiolalamikia bei. Na aliyewachora alipojiuliza shabiki wa Arsenal anafananaje, alisahau nusu ya mtaa. Kila mfumo wa bei una mchoro kama huo ndani yake. Anayepanga kiingilio huwa na mtu fulani kichwani anayemtarajia kwenye kiti kile, hata kama hajakiri.

Madhara ya bei kwenye mahudhurio, basi, tuyatafute wapi kama viti vimejaa? Mahali pamoja yalipoonekana kwa macho ni kwenye eneo la wageni. Januari 2013 Manchester City walikwenda kucheza na Arsenal, na tiketi ya shabiki mgeni ilikuwa pauni 62. City walipewa tiketi kama 3,000, wakarudisha 912. Waliokwenda waliinua bango wakiuliza bei hii itaishia wapi, na wasimamizi wa uwanja wakalichukua. City walishinda 2-0, na baada ya kipenga cha mwisho kipaza sauti kilimnasa mshika kibendera mmoja akiwahimiza wachezaji wa City waende kuwashukuru watu wao kwa sababu wamelipa pauni 62. Hata mwamuzi alikuwa ameiona bei.

Zile tiketi 912 zilionekana kwa sababu shabiki mgeni hana mbadala wa papo hapo. Kiti cha mwenyeji kikiachwa na fundi gari wa mtaa wa jirani, kesho yake kinachukuliwa na mtu aliyeko kwenye orodha ya kusubiri, au kampuni inayoburudisha wateja wake, au mtalii. Takwimu haitikisiki. Eneo la wageni ndilo pekee ambapo anayeondoka anaacha pengo. Ndiyo maana ushindi mkubwa wa mashabiki wa Uingereza ulipatikana hapo hapo: Machi 2016, mwezi mmoja baada ya tukio la Anfield, Premier League ilikubali kiingilio cha shabiki mgeni kisizidi pauni 30, na ukomo huo umeendelea kuongezwa muda.

Kwa mwenyeji, bei hufanya kazi polepole, na hufanya kazi kwenye umri. Mtu hajifunzi kwenda uwanjani akiwa na miaka 40. Hujifunza akiwa na 10, ameshikwa mkono na baba, mjomba au kaka, au akiwa na 16, na marafiki wanne na nauli ya kuunga. Kiingilio kikipanda, mzee mwenye tiketi ya msimu anajibana na kubaki, kwa kuwa ameshazoea. Anayekatwa ni kijana ambaye bado hajazoea. Mwaka huo uwanja unajaa. Mwaka unaofuata pia. Baada ya miaka 20, jukwaa limejaa watu walewale wenye mvi, na yule kijana sasa ni baba anayempeleka mwanawe kutazama mechi kwenye televisheni, kwa sababu ndivyo naye alivyojifunza kupenda mpira. Swali la "mbona uwanja umejaa" halina namna ya kumwona mtu huyu. Linahesabu waliokuja, na yeye hakuwahi kuwemo kwenye hesabu ili apungue.

Hapa ni rahisi kumtupia lawama mtalii, na lawama hizo zinatugusa. Miongoni mwa watalii wanaopiga picha Anfield na Old Trafford wamo watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waliojinyima kwa miaka ili waione timu yao mara moja. Mapenzi yao si ya kuigiza. Lakini hebu tufikirie wanachokifuata. Mchezo wenyewe unaonekana vizuri zaidi kwenye kioo. Wanafuata sauti: kuimba kwa jukwaa zima, kelele zile walizozisikia tangu utotoni kupitia spika mbovu ya kibanda umiza. Wanafika, wanakaa, na kumbe waliokaa kushoto na kulia nao wamekuja kuisikiliza. Kadiri klabu inavyowauzia watu wengi nafasi ya kuisikia sauti ile, ndivyo wanaobaki wa kuitoa wanavyopungua.

Kwamba sauti ni bidhaa, wala si hisani ya mashabiki, tulithibitishiwa mwaka 2020. Premier League iliporejea Juni 17 ya mwaka ule, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, watangazaji waliwawekea watazamaji kelele za mashabiki zilizorekodiwa, nyingine zikitoka kwenye mchezo wa kompyuta wa FIFA. Mwaka 1992 ilikuwa umati wa kuchora. Mwaka 2020 ikawa umati wa kurekodi. Mkataba wa televisheni wa ndani ya Uingereza uliokuwa umeanza msimu wa 2016-17, ule msimu ambao Liverpool walitaka pauni 77, ulikuwa wa pauni bilioni 5.136 kwa miaka mitatu. Sehemu ya kinachouzwa kwa mabilioni hayo ni zile nyimbo. Shabiki wa jukwaani ni mteja wa ajabu: anatozwa fedha aingie kutengeneza bidhaa ambayo wengine tunatozwa kuitazama. Alipotoka dakika ya 77 alikuwa amefanya alichofanya mfanyakazi yeyote anayeona anapunjwa. Aligoma.

Siku tatu baada ya tukio la Anfield, Ujerumani nako mashabiki wa Borussia Dortmund walichelewa kuingia kwa makusudi kwenye mechi ya kombe dhidi ya Stuttgart, kisha wakaingia wakirusha mipira ya tenisi uwanjani kupinga kiingilio. Wenzetu wa Ujerumani wameligeuza swali. Kanuni yao ya 50+1 inataka wanachama wa klabu wawe na kura nyingi, na wanachama wakiwa na kura huwa hawajipandishii bei ovyo. Jukwaa la kusini la Dortmund lina watu takriban 25,000 waliosimama, kwa tiketi ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile ya London. Kwa miaka mingi ligi yao imekuwa na mahudhurio ya wastani ya juu kuliko zote Ulaya. Kuna gharama, na ni haki kuitaja: klabu zao hazina fedha za Waingereza, na Bayern Munich ilitwaa ubingwa mara 11 mfululizo kuanzia 2013 hadi 2023. Lakini hata ubingwa ulipokuwa ukijulikana mwenyewe kabla msimu haujaanza, majukwaa yalijaa. Watu wale walikuwa wamejenga mazoea, na mazoea huvumilia hata kushindwa.

Pasipo mazoea, bei peke yake haiwezi kitu, ya juu wala ya chini. FIFA walilijaribu hili nchini Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu la 2025. Waliacha bei ya tiketi ipande na kushuka yenyewe kufuata mahitaji, kama nauli ya ndege. Chelsea walicheza na Los Angeles FC Atlanta, Jumatatu mchana, mbele ya watu 22,137 katika uwanja wa zaidi ya 70,000. Mamelodi Sundowns wa Afrika Kusini walicheza na Ulsan mjini Orlando mbele ya watu 3,412. Ilipofika nusu fainali ya Chelsea na Fluminense, tiketi ya kawaida iliyokuwa dola 473.90 iliteremshwa siku chache kabla ya mechi hadi dola 13.40. Watu walikuja. Lakini fikiria aliyenunua mapema kwa sababu anaipenda timu yake. Mfumo ule ulimfundisha kwamba uaminifu ni ujinga, na kwamba mwenye akili husubiri. Sehemu kubwa ya uwanja ilikaliwa, na aliyeupenda zaidi ndiye aliyelipishwa zaidi.

Sasa turudi nyumbani, ambako hesabu hugeuka. Uingereza tatizo ni viti kujaa kwa bei ya juu. Kwetu mara nyingi ni viti kubaki wazi kwa bei ya chini. Dabi ya Kariakoo huujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi 60,000, na katika misimu ya karibuni kiingilio cha mzunguko kwa mechi hiyo kimekuwa kikizungukia shilingi 5,000. Wiki hiyohiyo, mechi ya saa 10 alasiri siku ya kazi kati ya timu mbili za mikoani, kwa kiingilio pungufu ya hapo, inachezwa mbele ya watu wa kuhesabika. Viongozi wanatazama majukwaa matupu na kutoa hukumu kinyume na ile ya Waingereza, lakini kwa mantiki ileile: bei ni ndogo na hawaji, kwa hiyo watu wetu hawaupendi mpira wa nyumbani, wanapenda wa Ulaya.

Hukumu hii nayo inasoma tiketi tu na kuacha safari. Mtu anayetoka Mbagala au Bunju kwenda Temeke halipi kiingilio peke yake. Analipa nauli ya kwenda na kurudi, pengine daladala mbili kila upande. Analipa kwa muda, kwa sababu mechi kubwa inataka awe ameketi saa nyingi kabla. Anayeishi kwa kipato cha siku analipa kwa siku yenyewe, kwa kufunga genge au kulaza bodaboda. Mechi ikianza saa 1 usiku, analipa kwa wasiwasi wa kurudi, na kwa mwanamke anayerudi peke yake wasiwasi huo ni bei kubwa kuliko zote. Akiwa na watoto wawili, na pale ambapo mtoto hana bei yake, kila kitu kinazidishwa kwa tatu. Upande wa pili wa barabara kuna kibanda umiza kwa shilingi mia kadhaa, au king'amuzi sebuleni. Mkataba wa Azam na ligi yetu, wa 2021, una thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Umeziokoa klabu nyingi na ukata, na umemleta Mtanzania karibu na timu ambazo asingeziona. Vilevile umemfanya anayebaki nyumbani awe ameshauona mpira kwa gharama aliyokwisha kuilipa. Kwa mtu huyo, kukipunguza kiingilio kwa shilingi 1,000 ni kupunguza kipande kidogo cha gharama ya siku.

Kwamba hamu ipo, Wakenya walionyesha Agosti 2025. Kwa muda mrefu wameambiwa kwamba wanajua kuvaa jezi za Ulaya tu. Kwenye CHAN, Kasarani ilipokuwa na tiketi za kuanzia shilingi 200 za Kenya na Harambee Stars ikaifunga Morocco 1-0, watu walikuja kwa wingi kiasi cha kuvunja utaratibu wa milangoni, hadi CAF ikaweka ukomo wa idadi ya watakaoingia kwenye mechi iliyofuata ya Kenya. Shirikisho liliadhibu vurugu, na lilikuwa na haki ya kuhofia usalama. Lakini hakuna awezaye kuitazama ile milango na kusema watu wale hawapendi mpira wa nyumbani. Safari hii walikuwa na timu inayoshinda, kiingilio wanachokimudu, na uhakika kwamba jambo lenyewe linachukuliwa kwa uzito.

Dawa inayopendwa kwetu ni kufungua mzunguko bure. Klabu zimewahi kufanya hivyo kwenye mechi kubwa za CAF, na kwa usiku mmoja inapendeza: rangi, vuvuzela, picha zinazosambaa mitandaoni. Sina neno na anayeingia bure. Wasiwasi wangu ni kwa anayefungua. Mlango wa bure hufunguliwa pale televisheni ya bara zima inapokuja, kisha mechi ya ligi ya wiki inayofuata tunarudi kwenye ukimya. Hapo shabiki ameitwa kama pambo, na tofauti yake na ule umati uliochorwa Highbury ni kwamba yeye anatokwa jasho. Mwingereza humwondoa shabiki ili aingie mwenye fedha. Sisi humwingiza ili kamera isione saruji. Pande zote mbili hazijamuuliza atakuja vipi mechi ijayo.

Tiketi za kielektroniki zinaliongezea jambo hili uzito. N-Card na mifumo mingine ya aina hiyo imeziba mianya ambayo mapato ya mlangoni yalikuwa yakipotelea, na hilo ni jema kwa klabu. Lakini mfumo unaojua ni nani ameingia lini, kwa mechi gani, ndio mfumo unaoweza kesho kumpandishia bei kwa kujua kwamba hawezi kuikosa dabi. Chombo kilekile kinaweza kufanya kinyume: kutambua aliyekuja kwenye mechi kumi za kawaida na kumpa nafasi ya kwanza, kwa bei ya kawaida, kwenye ile kubwa. Mashine haitatuchagulia kati ya hayo mawili. Ni uamuzi wa watu, na ni wakati wa kuufanya sasa, kabla fedha za AFCON hazijawazoesha viongozi ladha nyingine.

Mambo yenyewe wala si magumu. Kiingilio cha mtoto kiwepo, kidogo, kwa kila mechi. Eneo moja nyuma ya goli libaki na bei isiyopanda kwa misimu kadhaa, hata timu ikitwaa kombe. Shabiki anayesafiri na timu kutoka Mbeya hadi Mwanza awekewe ukomo, kama wa zile pauni 30. Saa ya mechi ipangwe na mtu anayejua daladala ya mwisho inaondoka saa ngapi. Hakuna hata moja kati ya haya litakalojaza uwanja Jumamosi ijayo, na anayeahidi kuujaza Jumamosi ijayo anauza nyanya.

Kisha tubadilishe tunachokitangaza. Kila baada ya mechi kubwa msemaji wa klabu husoma idadi ya walioingia na kiasi kilichokusanywa, nasi tunashangilia tarakimu. Aongeze ya tatu: tiketi ngapi zimeuzwa kwa watoto. Klabu itakayoisoma namba hiyo bila aibu, mwaka hadi mwaka, ndiyo itakayokuwa na haki ya kutuuliza mbona uwanja umejaa.